Tiketi Moja, Filamu Nne: Ipi Ilistahili Fedha Yako?

Jumba la sinema halipangi bei kwa ubora wa filamu. Nzuri na mbovu zote tiketi ni ileile, kwa hiyo kazi ya kupima inabaki kwa mnunuzi. Mwaka 2025, Wamarekani wakielekea majira yao ya joto na sisi tukiingia kipupwe, studio kubwa zilimwaga filamu zao nzito moja baada ya nyingine: Mission: Impossible – The Final Reckoning tarehe 23 Mei, F1 tarehe 27 Juni, Jurassic World Rebirth tarehe 2 Julai, na Superman tarehe 11 Julai. Mtu wa kipato cha kawaida Dar es Salaam au Mombasa hakuweza kuipeleka familia kuziona zote nne. Ilibidi achague.

Kipimo changu ni kimoja: ukumbi unakupa nini ambacho sebule haiwezi kukupa? Nauliza hivyo kwa sababu siku hizi filamu haikawii kufika nyumbani. Superman ilianza kuuzwa na kukodishwa mtandaoni tarehe 15 Agosti, siku 35 tu tangu ianze kuonyeshwa. Kama mwezi mmoja wa subira unakupa kitu kilekile kwa bei ndogo, tiketi ya nini?

Kwa kipimo hicho F1 inaongoza, tena kwa mbali. Hadithi yenyewe si ngeni. Dereva wa zamani, Sonny Hayes, anarudi mashindanoni na kumkuta kijana Joshua Pearce ambaye hataki kufundishwa na mzee; mapema tu unajua wataishia wapi. Lakini Brad Pitt na Damson Idris waliendesha kweli, kwenye magari ya Formula 2 yaliyobadilishwa yafanane na ya Formula 1, kamera zikiwa zimefungwa kwenye gari lenyewe, na baadhi ya picha zikapigwa kwenye uwanja wa mbio wa Silverstone katika wikiendi za mashindano halisi. Ukumbini mlio wa injini unakuzunguka na kiti kinatetemeka. Kisha, katika mbio za mwisho kule Abu Dhabi, kelele zinafifia, na watazamaji wote wanabaki kimya wakimtazama mtu mmoja na barabara yake. Kimya cha namna hiyo hukipati nyumbani, friji ikinguruma na jirani kafungulia muziki.

Mission: Impossible inahitaji hesabu zaidi. Inakaribia saa tatu, na sehemu kubwa ya mwanzo ni maelezo na vipande vya filamu za nyuma, hadi ile ya 1996. Kama hukuiona iliyotangulia, Dead Reckoning ya 2023, utahangaika, na kuitafuta kwanza ni gharama nyingine. Halafu kuna usafiri: ukiingia kipindi cha saa tatu usiku, unatoka saa sita imeshapita, daladala za kubahatisha, na bodaboda au teksi ikakudai fedha ambayo hukuipangia. Hata hivyo kuna vipande viwili ambavyo sijaona mfano wake. Cha kwanza ni ndani ya nyambizi iliyozama, inayobiringika polepole kwenye sakafu ya bahari huku topido zake zikimwangukia Ethan Hunt (Tom Cruise), karibu bila neno lolote kusemwa. Cha pili ni Cruise mwenyewe akining'inia kwenye ndege ya mabawa mawili katika anga ya Afrika Kusini, mashavu yakipepea kwa upepo. Aliyefuatilia mfululizo huu tangu zamani alistahili kwenda, ila kipindi cha mchana.

Jurassic World Rebirth ina tukio moja la kukumbukwa: familia inajaribu kuchukua boti la mpira kando ya mto, hatua chache kutoka T. rex aliyelala. Tukio la T. rex mtoni limo katika riwaya ya Michael Crichton ya 1990, lakini liliachwa nje ya filamu ya kwanza ya 1993. Mengine ni kukimbia na kuliwa. Watoto wadogo wataogopa, wakubwa watachoka. Hii ilikuwa ya kusubiri.

Superman ya James Gunn ndiyo ya familia. Hairudii habari za utotoni mwa Superman. Inaanza akiwa amelala kwenye theluji anavuja damu, anampigia mluzi mbwa wake Krypto aje amsaidie, na Krypto anamburuta ovyo mpaka watoto wanaangua kicheko. Picha yake haipotezi mengi kwenye televisheni, lakini kicheko cha ukumbi mzima kina thamani yake. Hakukuwa na haja ya kuongeza fedha ya 3D: miwani inafifisha rangi, na rangi ndiyo uzuri wa filamu hii. Bisi na soda za watu wanne nazo zipigie hesabu kabla hujatoka nyumbani.

Vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mitaani, bado ni nafuu kuliko vyote, na msimulizi hodari wa Kiswahili anaweza kuipa Jurassic uhai ambao haina. Kwa F1, spika ya kibanda haitoshi.

Mwenye fedha ya tiketi moja alistahili kuiona F1. Mwenye watoto alistahili kuongeza Superman, na kabla hajalipa kuuliza kama ukumbi ulikuwa na siku ya bei nafuu katikati ya wiki.