Kahawa ya Uwanja wa Ndege Iwe Kahawa Yetu

Msafiri wa alfajiri hufika uwanjani na tumbo tupu. Ametoka nyumbani saa tisa usiku, na akishavuka ukaguzi macho yake yanatafuta mgahawa uliokwisha kufunguliwa. Akiwa anakwenda nje ya nchi, hata chupa ya chai aliyofungiwa nyumbani imeishia mlangoni: tangu mwaka 2006 viwanja vingi duniani vimezuia vinywaji vinavyozidi mililita 100 kwenye mabegi ya mkononi. Hana pa kwenda kwingine. Mteja wa namna hiyo ndiye wa kumhudumia vizuri kuliko wote.

Jengo la Tatu la Abiria katika Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, lilizinduliwa mwaka 2019 likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Ni mlango mkubwa wa nchi inayolima arabika Kilimanjaro na Mbinga, na robusta Kagera. Nchi ambayo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama kikuu chao cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933. Basi inauma sana kuketi katika mgahawa wa uwanja wa ndege hapa nchini, ukaagiza kahawa, ukaletewa maji ya moto na kipakiti cha kahawa ya unga iliyosindikwa ng'ambo. Sambusa nayo imelala kwenye kabati la kioo tangu jana, ikapashwa kwenye maikrowevu hadi ngozi ikalegea.

Mtazame muuza kahawa wa Kariakoo. Makaa yanawaka chini ya deli, kahawa haipoi hata akizunguka mtaa mzima. Anagonganisha vikombe, watu wanasogea. Anamimina kidogo, nyeusi, chungu, yenye harufu ya tangawizi, na pembeni kuna kashata za karanga zilizokatwa upandeupande. Dakika tano umekunywa, umetafuna, umelipa, umeondoka. Abiria anayesubiri kuitwa langoni anahitaji nini zaidi ya hapo? Makaa hayawezi kuingia ndani ya jengo, ni kweli, lakini jiko la umeme lipo, na kashata haihitaji hata kupashwa.

Tena ni heri anywe kabla ya kupaa. Hewa ndani ya ndege huwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,000 hivi, na huko maji huchemka yakiwa na nyuzijoto kama 93 tu. Ukavu wa hewa hiyo na ngurumo za injini hufifisha ladha ya chumvi na sukari mdomoni.

Na wasindikizaji wasisahauliwe. Kwetu mtu hasindikizwi na mmoja. Huja mama, shangazi, wadogo na jirani mwenye gari. Wote huishia nje ya ukaguzi, wamesimama na mizigo, wakipeana maagizo ya mwisho. Hapo nje ndipo ningependa deli la kwanza liwekwe, kwa bei ambayo shangazi anaweza kuwanunulia wote.