Sonona Si Uvivu

Katika vitongoji kama Kwa Mrombo, jijini Arusha, mtu hupimwa kwa kazi yake. Seremala akikaa majuma matatu bila kushika randa, au mama muuza ndizi akiacha kwenda sokoni, jirani husema upesi kuwa amekuwa mvivu. Wengine husema amerogwa. Ni wachache wanaouliza kama anaumwa. Makala haya yanaeleza ugonjwa wa sonona, na jinsi mazungumzo yanavyoweza kuwa tiba yake.

Dalili zake

Huzuni humpata kila binadamu, nayo hupungua kadiri siku zinavyopita. Sonona hushukiwa pale ambapo huzuni, au kupotewa na hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, hudumu karibu kila siku kwa muda usiopungua majuma 2. Hali hiyo hufuatana na usingizi kuharibika, kukosa hamu ya chakula, uchovu na kujiona hufai kitu. Wagonjwa wengi hawataji huzuni kabisa. Hulalamikia kichwa, mgongo au moyo kwenda mbio, wakaishia kupewa vidonge vya maumivu.

Kwa nini ari hupotea?

Mtu hufanya jambo kwa kutarajia kwamba litamletea faida au furaha. Sonona hudhoofisha matarajio hayo. Mgonjwa huacha kazi, kisha huwakwepa marafiki. Na kwa kuwa hatendi lolote, hukosa hata ile furaha ndogo ambayo ingemtia moyo. Hivyo ugonjwa hujilisha wenyewe. Kumwambia "jikaze" ni sawa na kumtaka mwenye mguu uliovunjika akimbie. Mshauri hufuata njia nyingine: pamoja na mgonjwa huchagua kazi moja ndogo, kama kufagia uwanja au kumtembelea ndugu, na kuipangia siku na saa. Mgonjwa hangoji hamu ndipo atende. Hutenda, na hamu hufuata polepole.

Ushahidi kutoka Uganda

Je, tiba hii yahitaji mabingwa tu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifanywa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, ambako wenyeji walikuwa tayari na majina yao ya hali hii, moja likiwa na maana ya kujichukia. Vikundi vilikutana mara moja kwa juma, kwa majuma 16, vikiongozwa na watu wa huko huko waliopewa mafunzo ya majuma 2. Walizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5, miongoni mwa wasiopata tiba hiyo, asilimia 54.7.

La kufanya

Mwenye dalili hizi aende kituo cha afya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, aeleze hali ya moyo wake pamoja na maumivu ya mwili. Akiandikiwa dawa, aelewe kuwa huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu, wala asiziache bila shauri la daktari. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku ile ile. Nasi majirani, kabla ya kumwita mtu mvivu, tumuulize kwanza analalaje na anakula nini.