Madini ya Fedha Hutoka Wapi?
Mlima Cerro Rico ulioko Potosí, Bolivia, ulitokana na volkano zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita. Joto la mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi liliyapasha moto maji yenye chumvi, nayo yakabeba fedha na kupanda kupitia nyufa. Yalipopoa, fedha iliganda humo pamoja na madini mengine, ikawa mishipa ndani ya mwamba. Uchimbaji ulianza mwaka 1545. Wachimbaji waliifuata mishipa hiyo hadi mlima ukajaa mashimo, na mwaka 2011 sehemu ya kilele ilititia.

Ndugu msomaji, mshipa uliokwisha kuchimbwa haujazwi tena. Jamii yenye madini ijiulize mapema: yakiisha, watoto wetu watabaki na nini?