Mfuko Uliozoea Kuzaa Hauhitaji Kuharakishwa

"Mimi mzoefu, daktari. Huyu ni wa sita." Hakuna mkunga wa Mwanza asiyeyajua maneno haya. Mama anaomba aongezewe uchungu, ajifungue upesi, awahi meli ya kurudi Nansio. Namwelewa, huko kaacha watoto watano. Lakini uzoefu wake ndio unaonitia hofu.

Mfuko wa uzazi uliokwisha kuzaa huitikia dawa haraka. Mtoto akikwama, mfuko wa mzazi wa kwanza mara nyingi huchoka na uchungu hupungua. Wa mzazi mzoefu huendelea kusukuma mpaka unapasuka. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye kovu la upasuaji. Huyo haanzishiwi uchungu kwa misoprostoli kabisa.

Hebu itazame tembe yenyewe. Ya kawaida ina mikrogramu 200, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri 25 kwa mara moja: sehemu moja ya nane. Ikatwe kwa wembe, vipande havilingani. Afadhali iyeyushwe katika mililita 200 za maji, zipimwe 25. Tembe tatu nzima ni za kuzuia damu kumwagika baada ya mtoto kutoka. Anayezimeza mtoto akiwa bado tumboni amekunywa mara 24 ya kipimo.

Dripu ya oksitosini nayo inataka mkono wa mkunga juu ya tumbo na jicho kwenye saa. Uchungu ukizidi mara tano katika dakika kumi, dripu hupunguzwa au kufungwa. Mizizi iliyochemshwa nyumbani haina kipimo, wala haina pa kufungia.

Sipingi kuanzisha uchungu. Shinikizo la damu likipanda, au wiki 41 zikipita, kunaokoa maisha, mradi chumba cha upasuaji na damu viwe karibu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mgonjwa wa Sengerema hangoji tena kivuko. Wa Ukara bado anavuka maji, na mfuko uliopasuka haungoji boti.

Mama, ukifika wodini taja umezaa mara ngapi, kama una kovu, na ulichokunywa nyumbani. Nanyi wakunga wenzangu, anayekiri kunywa dawa ya mizizi msimkemee. Mwingine akisikia, atanyamaza.