Kahawa ya Banda Letu, Jinja

Tuko Jinja, Uganda, hapa ambapo mto Nile unatoka ziwani. Katika banda letu tumo watu 22: washonaji, maseremala, mafundi wa kuchomelea vyuma, na wawili wanaoshona viti vya pikipiki. Kodi tunalipa pamoja, umeme pamoja, na kadi zetu ni za chama kimoja. Jambo lililokaribia kututenga halikuwa kodi wala umeme. Lilikuwa kahawa.

Wenzetu wa nchi jirani mtacheka, maana Uganda ndiyo nchi ya kahawa. Katika mwaka wa kahawa wa 2023/24 ziliuzwa nje zaidi ya gunia milioni 6, kila gunia kilo 60. Mbuni wa robusta asili yake ni misitu ya huku kwetu. Wazee wa Buganda walipotaka udugu wa kuchanjiana walichukua tunda moja la kahawa, lenye punje mbili, na kila mmoja akala punje iliyotiwa damu ya mwenzake. Lakini mfanyakazi wa mjini leo anakunywa nini? Anakunywa chai, au kahawa ya kopo, ile ya kuyeyusha kwa maji ya moto.

Nasi tulikuwa hivyo. Wachache wenye uwezo walinunua kopo, wakalifungia katika sanduku la vifaa. Wengine walinunua kikombe kwa mama mmoja aliyekaa langoni na chupa yake ya chai. Siku moja kopo likapotea. Seremala akamshuku mshonaji, mshonaji akakumbusha deni la gundi la mwaka uliopita, na kazi ikasimama mpaka saa sita. Tukaitisha mkutano. Hapo karani wetu alitoa hesabu iliyotushangaza: fedha ya kopo dogo la gramu 100 inanunua zaidi ya kilo nzima ya buni mbichi. Basi tukaanzisha mfuko wa kahawa, kila mtu atoe mchango wake Jumatatu.

Tulianza vibaya, na hatuoni haya kusema. Tulinunua kahawa ya bei ya chini kabisa, ile iliyokaushwa na ganda lake, ambayo huku huitwa kiboko. Jina hilo lilituchapa kweli! Kahawa yenyewe haina kosa, ila ile ya kwetu ilianikwa juu ya udongo mtupu, ikashika ukungu, na kikombe kikanuka kama shimo la msingi. Tena tuliichemsha asubuhi katika sufuria kubwa na kuiacha jikoni mpaka jioni. Kufika saa nane ilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Wiki ya pili watu saba hawakutoa mchango, na walikuwa na haki.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mkulima, baba wa mmoja wetu. Alituonyesha kununua buni iliyokwisha kobolewa na kuchambuliwa, isiyo na punje nyeusi wala zilizotobolewa na wadudu. Uichukue punje uiume: ikibonyea, bado ina maji, ikikatika kwa sauti, imekauka. Sasa tunachanganya robusta ya Busoga sehemu tatu na arabika ya mlima Elgon sehemu moja. Arabika ni ghali zaidi, lakini hiyo sehemu moja ndiyo inayoleta harufu, na robusta inaleta nguvu, kwa kuwa kafeini yake ni karibu mara mbili.

Tunakaanga sisi wenyewe katika kikaango kizito, juu ya makaa, kidogo kidogo, na mwiko hausimami. Baada ya dakika kadhaa punje zinaanza kupasuka kama bisi. Tunaendelea kidogo mpaka rangi iwe ya kahawia iliyoiva, si nyeusi, kisha tunamwaga haraka kwenye ungo na kupepeta ipoe. Mwenye kukaanga mpaka mafuta yatoke na moshi ujae banda anauza makaa. Tunaiacha ilale siku moja katika kopo lenye mfuniko wa kubana, na tunasaga ya siku hiyo tu.

Kupika kwenyewe ni rahisi. Gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji. Maji yachemke, yaondolewe motoni, yatulie kidogo, ndipo yamwagwe juu ya unga. Dakika nne, halafu tunachuja kwa kitambaa cha marekani na kutia katika chupa ya chai. Kahawa hairudi jikoni tena. Kitambaa kinaoshwa kwa maji matupu, maana sabuni haitoki, utainywa kesho yake.

Hesabu ni hii. Kilo moja ya buni ikikaangwa hupungua, hubaki kama gramu 830. Hizo zinatoa lita 16 na zaidi, yaani vikombe 66 vya robo lita. Sisi 22, kila mmoja vikombe viwili kwa siku, siku sita, tunamaliza kilo 4 kwa wiki. Daftari linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, kila mtu asome.

Basi kahawa ikawa nzuri, nasi tukajisifu. Kumbe hatukutazama langoni. Yule mama wa chupa alikuja siku moja ndani ya banda, akasimama katikati ya mashine, akatuuliza: "Ninyi watu wa chama mnasema mnatetea wafanyakazi. Mimi ni nani?" Hakuna aliyejibu. Sisi katika halmashauri tulitazama chini. Alikuwa ametuuzia miaka mingi, hata kwa mkopo wakati kazi ilipokosekana, na tulimwondolea chakula chake bila hata kumwambia neno.

Mkutano wa jambo hilo ulichukua saa tatu. Fundi mmoja wa vyuma alisema mfuko ni wa kunywa kahawa, si wa kuajiri, na kila mtu ana mikono ya kujipikia. Tulimjibu kwamba kwa kweli mikono iliyokuwa ikipika ni ya wasichana wawili washonaji, ambao hupoteza muda wa kazi na hawalipwi kwa kipande wasichoshona. Kura zikapigwa, 15 kwa 7. Mama analipwa kila Jumamosi kutoka katika mfuko: anakaanga, anapika, na jiko letu analitumia bure kwa kahawa yake ya kuuza nje. Mchango uliongezeka. Wawili walijitoa, na hatuwasemi vibaya.

Yako na maneno ya muda. Mtu mmoja anayetupa kazi ya sare, na kuwalipa washonaji kwa saa, alitaka kukata dakika 15 za kahawa. Tulimsimulia habari za kiwanda cha kufuma tai mjini Denver, Marekani. Mwenye kiwanda aliwapa wafanyakazi dakika 15 mara mbili kwa siku wanywe kahawa, kazi ikaongezeka, lakini dakika zile hakuzilipa. Mwaka 1956 mahakama ya rufani iliamua kuwa mapumziko hayo yanamfaidi mwajiri pia, kwa hiyo yalipwe. Sheria ya Marekani si yetu, lakini hoja ni hoja. Bwana yule alinyamaza, akaomba kikombe, na mpaka sasa hajakata.

Sukari haimo katika mfuko. Tuliijaribu mwezi mmoja, ikaisha kwa siku tisa. Kila mtu anakuja na yake.