Je, Wajua? Mwanafunzi Aliyenyimwa Shahada

Je, wajua kwamba William James, aliyeanza kufundisha saikolojia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1875, hakupata kuhudhuria mhadhara wowote wa elimu hiyo kabla ya ule alioutoa mwenyewe?

Mwaka 1890 mwanafunzi Mary Calkins aliingia darasani mwa James. Wenziwe wakajitoa upesi, hata akabaki peke yake na mwalimu, wameketi maktabani pande mbili za moto, na kitabu kikubwa cha mwalimu ndiyo kwanza kimetoka mitamboni.

Mwaka 1895 Calkins alifaulu mtihani wa shahada ya udaktari, walimu wake wakishuhudia umahiri wake. Lakini Harvard, kwa dhuluma iliyo dhahiri, ilimnyima shahada kwa sababu ni mwanamke. Shahada ya Radcliffe, chuo cha wanawake, aliikataa.

Mwaka 1905 alikuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho.