Mtaka picha ya uyoga sharti ainame

WAHENGA walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Apandaye mlima wa Manga, mpakani mwa Kisii na Nyamira, na kamera begani, atayakumbuka maneno hayo. Mvua huko ni nyingi, na uyoga, konokono na maua madogo hukaa chini kabisa, miguuni pa mtu.

Adui wa picha hizi ni mtikisiko. Kadiri lenzi inavyomkaribia kiumbe, ndivyo tetemeko la mkono linavyokuzwa. Tena, ili uyoga wote uonekane wazi, tundu la lenzi hufinywa hadi f/11 au f/16, na kamera huhitaji muda mrefu zaidi kupata mwanga. Kivulini, mkono hautulii muda huo.

Stendi ya miguu mitatu hufaa kwa ua la kimo cha goti. Lakini nyingi zina mhimili wa katikati unaozizuia kushuka. Ukinunua, tafuta ambayo mhimili wake hutolewa na miguu hutanuka karibu ilale. Ikandamize hadi ishike udongo mgumu.

Mwanafunzi asiye na fedha asife moyo. Ashone mfuko wa jinzi na kuutia kilo moja ya maharagwe, bila kuujaza sana, ili kamera ijilaze juu yake. Hata simu hutulia hapo. Asafiri na mfuko mtupu, anunue maharagwe sokoni. Yasilowe, yatachipua!

Kisha tega kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde 2, bila kuigusa. Jioni, maharagwe yaende chunguni.